Kifundo Kwenye Kinywa cha Maji Machafu

4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Kabla hujafika mstari wa pili, ujue unaandikiwa na mtu ambaye akiugua mafua tu, hospitali nzima inalala kwenye magodoro matupu. Sitii chumvi. Madaktari wapo, wanapasua na kushona, nawapa heshima zao. Lakini mgonjwa akishapasuliwa analazwa juu ya nini? Juu ya shuka. Na shuka limetoka wapi? Kwa mjomba wako, mkuu wa chumba cha kufulia. Mganga Mkuu tukikutana kwenye korido yeye ndiye anaanza kunisalimia, isipokuwa siku akiwa na haraka.

Flashi yako imefika salama, ndani ya soksi uliyoifungia. Umefanya vizuri kuituma na barua, maana kompyuta ya huku haina mtandao, na simu yangu mimi ni ya kupigia tu. Mambo mazito hayasemwi kwa simu.

Sasa sikiliza. Tumeletewa mashine mpya ya kufulia. Haina vitufe! Ina kioo tu, na inasubiri ielezwe la kufanya. Muuguzi Mkuu akatuita, akauliza nani ataweza kuieleza kwa ile lugha ya michoro aliyoitunga binti wa chuoni, yaani wewe. Wote wakaangalia viatu vyao. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Bi Pasi, yule mama anayepiga pasi meza ya jirani, akaninong'oneza, "Jenerali, hicho kioo kitakuumbua." Nikamwambia mimi sijawahi kuumbuliwa na kitu kinachofutwa kwa kitambaa.

Wewe mwenyewe unanijua. Mimi si mtu wa kufuata mkumbo. Siku ya harusi ya mama yako wanaume wote wa ukoo walivaa suti za rangi ya damu ya mzee, mimi nikaingia na kijani iliyokolea, peke yangu, kifua mbele. Watu waliguna. Nikawaambia huu ndio mtindo wa ng'ambo, nyie mtaufikia mkishachelewa. Mtu wa namna hiyo ataogopa mchoro?

Niambie tu nianzie wapi.

Mjomba wako,
Jenerali


11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu maktaba mpaka nikatolewa nje. Ahsante kwa kuinua mkono. Hujui umeniokoa kiasi gani, basi acha nikueleze, ujue tumebeba nini wewe na mimi.

Mwalimu wangu amesema lugha hii haitapita mpaka mtu ambaye hajasomea kompyuta aitumie kwa kazi ya kweli, na yeye mwenyewe aje aone kwa macho yake, mwishoni mwa Machi. Ikishindwa naitupa, naanza upya na kitu kingine. Sina mtu mwingine, Mjomba. Ni wewe.

Iko hivi. Kila kazi ni kisanduku: kulowesha, kufua, kusuuza, kukamua. Kila kisanduku kina vinywa, na unaunganisha kinywa na kinywa kwa mstari, kama bomba. Kila kinywa kina aina yake, yaani kinajua kinapitisha nini. Maji safi ni bluu. Mvuke ni njano. Maji ya kusuuzia, ambayo bado yanafaa kutumika tena, ni kijani. Maji machafu ni nyekundu. Tangi la kulowesha linakubali bluu na kijani; nyekundu kamwe. Ukikosea, mstari unakataa kushika. Sikuweka maneno hata kidogo, ili hata asiyesoma aitumie. Rangi zinatosha. Na vinywa vinajipanga vyenyewe upya kila ukisogeza kisanduku, ili mistari isipishane.

Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Mchoro unaweza kujibadilisha. Kanuni ya kubadilisha ni picha mbili ndogo, moja kushoto, moja kulia. Ya kushoto inasema, "tafuta kipande chenye umbo hili." Ya kulia inasema, "weka hiki mahali pake." Mfano: kushoto, maji ya kusuuzia yanamwagwa mtaroni huku tangi la kulowesha likivuta maji safi. Kulia, maji yaleyale ya kusuuzia yanarudi kulowesha. Mchoro unajisoma wenyewe, unakuta kipande, unakibadili. Nami nimethibitisha kwenye karatasi kwamba kama kila mstari ulikuwa wa aina sahihi kabla ya kubadilika, utabaki sahihi baada ya kubadilika, hata mchoro uwe mkubwa kiasi gani, hata mchoro ambao sitauona maishani mwangu. Nilipomaliza uthibitisho huo nilikaa nikiangalia karatasi kama imeandikwa na mtu mwingine.

Chora, Mjomba. Unieleze kila kitu, hata kibaya.

Mpwa wako,
Chiriku


20 Februari

Chiriku mwanangu,

Umetengeneza kitu gani wewe?

Nilikaa mbele ya kioo nikavuta mstari wa kwanza kutoka kwenye mvuke nikaupeleka kwenye tangi la maji safi, kwa makusudi, kuipima akili. Mstari ukakataa. Ukarudi nyuma kama mkono wa mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nikarudia taratibu, kama namwibia. Ukakataa. Nikageuka kuangalia nyuma yangu, maana nilihisi kuna mtu ananiona. Nimefanya kazi na maboila yanayonguruma, na mashine zilizokula mikono ya mashati, lakini chuma hakijawahi kuniambia "hapana, hicho sicho." Chuma kinakubali tu, halafu kinalipuka. Hiki kinakataa kabla. Nilimwita Bi Pasi aje aone. Akasema, "Kumbe kuna kitu humu ndani kinachoweza kukukatalia ukanyamaza." Sikumjibu, nilikuwa kazini.

Basi nikachora. Nimechora kiwanda kizima cha kufulia, mistari imejaa kama nywele. Ila sasa, mwanangu, usininunie: lugha yako ina kisirani. Mashine ya kufulia ina vinywa viwili vya kutolea maji. Navuta maji ya kusuuzia kwenda tangi la kulowesha, kama kwenye mfano wako. Jana ilikubali. Leo mstari uleule, kisanduku kilekile, imekataa. Nikasogeza kisanduku kidogo, ikakubali. Nikasogeza tena, ikakataa! Inaamka vibaya kama shemeji yangu. Mimi nimekosea? Haiwezekani. Nimefanya kazi hii tangu wewe unanyonya. Wenzangu wameanza kuchungulia mlangoni.

Angalia vizuri huko ndani. Kuna kitu kimekaa upande.

Mjomba wako,
Jenerali


27 Februari

Mjomba,

Sijalala vizuri. Ulichoniandikia, kama ni kweli, basi kila nilichothibitisha ni bure. Mstari uleule ukiulizwa mara mia lazima upewe jibu lilelile mara mia. Aina haina hasira. Nimeifungua lugha yote, nimeisoma kuanzia juu mpaka chini, nimejaribu kila namna hapa kwangu: haikosei. Na kwako inakosea. Mchoro uliourudisha kwenye flashi haunisaidii, kwa sababu mistari iliyokataliwa haihifadhiwi. Naona tu iliyokubaliwa.

Una hakika ulivuta kutoka kinywa cha kijani, Mjomba? Usiudhike, nauliza tu.

Muda unakwisha, na sitaki wakucheke huko. Nimeongeza kisanduku kipya, mlango wa kijivu. Kinapokea chochote na kutoa chochote. Pale panapokukatalia, pitisha mstari kwenye mlango wa kijivu, utakubaliwa. Mwalimu alipokiona alivua miwani. Akasema, "Umejenga nyumba ya mawe, sasa umetoboa ukuta mzima ili mgeni mmoja asipate taabu ya kuzunguka mlangoni." Hakukosea. Kwa sababu baada ya mlango huo mchoro haujui tena ni maji gani, na uthibitisho wangu unasimama nje. Lakini naona bora mchoro unaofanya kazi kuliko uthibitisho usio na mchoro.

Nimeumia kidogo kuuweka. Ndiyo hivyo.

Chiriku


9 Machi

Mpwa wangu,

Swali la kinywa cha kijani silijibu kwa sababu mtu wa cheo changu haulizwi rangi.

Mlango wa kijivu ni dawa. Nimeuweka kila mahali. Kila mstari umeshika, kimya, hakuna ubishi. Halafu nikabonyeza kile kitufe cha kubadilisha kilichochorwa kwenye kioo, kile cha picha mbili.

Chiriku, nilisimama. Mchoro wangu ulitetemeka. Kipande kimoja kikawaka pembeni pembeni, kama kimeambiwa jina lake kikaitika. Kikatoweka. Mahali pake kikaota kingine, mistari ikajishika yenyewe, na vyote vilivyobaki vikajisogeza kukipa nafasi, kama watu kwenye benchi anapokuja mgeni. Hakuna aliyekigusa! Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Fikiria: hiyo kanuni umeiandika wewe huko, mwaka jana, mchoro wangu haujazaliwa, hujui nitaweka kisanduku gani wapi. Na imefika hapa ikajua pa kushika. Nilijaribu kumweleza mlinzi wa getini nikashindwa, na unajua mimi kushindwa kueleza ni jambo la kuandikwa kwenye gazeti.

Tukawasha mashine ya kweli. Muuguzi Mkuu alitupa mapazia ya ukumbi wa mikutano kwa majaribio. Yamefuliwa. Sina la kuongeza kuhusu mapazia.

Mwalimu wako aje tu.

Jenerali


10 Machi

Kwa binti wa chuo,

Mimi ndiye mama anayepiga pasi jirani na mjomba wako. Hunijui, ila mimi nakujua, kila siku nasikia sifa zako mpaka masikio yanawasha. Anwani nimeichukua kwenye bahasha yako. Yeye hajui kama naandika, na akijua nitakosa pa kupitia.

Mapazia ya ukumbi yametoka yananuka mtaro. Nimeyapiga pasi mwenyewe, mvuke ulipopanda nikakimbilia dirishani. Bomba alilolichora mjomba wako lilichukua maji machafu ya kufulia likayarudisha kulowesha, yakazunguka humohumo. Muuguzi Mkuu amesema mara nyingine kama hiyo kioo kinarudi kwenye boksi, na mgeni wako asisumbuke kuja. Mjomba wako amemwambia ni harufu ya usafi wa kisasa.

Sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mifuko ya nguo za wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza ni myekundu. Ya nguo za kawaida ni ya kijani. Miaka yote niliyokaa naye, ile myekundu naifunga kifundo kwenye kamba kabla haijamfikia. Siku nikiwa likizo anainusa. Hajawahi kuniuliza kifundo ni cha nini, wala mimi sijawahi kumwambia. Tunaelewana hivyo na kazi haijawahi kuharibika.

Nimesikia kioo chako hakina maneno, kina rangi tu.

Usimwambie nimekwambia. Ni mtu mzuri, mdomo tu.

Mama wa pasi


16 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimeutoa mlango wa kijivu. Usinikasirikie kabla hujafungua flashi.

Nimegundua kosa, na kosa ni langu. Niliringa kwamba rangi zinatosha. Rangi haitoshi. Kioo kinaweza kufifia, taa inaweza kuwa mbaya, watu wako wengi na macho ni mengi. Aina ya kitu isitegemee njia moja tu ya kuiona. Kwa hiyo sasa kila kinywa kina umbo lake. Maji safi ni duara. Mvuke una meno. Maji ya kusuuzia ni mraba mtupu. Na kinywa cha maji machafu kina kifundo, kama kamba iliyofungwa. Ukipitisha mstari wa maji machafu utaona vifundo vimejipanga kwenye mstari wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Na kila mstari unaokataliwa sasa unabaki umechorwa kwa nukta, ili ajaye nyuma aone nini kilijaribiwa. Mwalimu aliangalia vifundo kwa muda mrefu, akauliza nimevitoa wapi. Nikamwambia vimetoka kazini.

Uthibitisho wangu umerudi ndani ya nyumba, Mjomba. Nimeurudia wote mstari kwa mstari na umesimama. Lakini Mwalimu hataipitisha lugha kwa karatasi, ataipitisha kwa kioo chako, tarehe ishirini na nane. Chora upya, polepole. Usimsikilize mtu mlangoni.

Mpwa wako anayekutegemea,
Chiriku


2 Aprili

Mpwa wangu Chiriku,

Mwalimu wako atakuwa ameshakueleza, lakini yeye aliona kwa miwani, mimi niliona kwa moyo, kwa hiyo soma na hii.

Alikuja asubuhi. Ni mfupi kuliko nilivyomtarajia. Muuguzi Mkuu alisimama nyuma amekunja mikono, boksi la kioo liko miguuni pake, tupu, linasubiri. Nadhani aliliweka pale nilione. Mwalimu hakuniuliza habari za nyumbani. Akasema, "Mzee, peleka maji machafu kwenye tangi la kulowesha."

Nikaangalia vile vinywa viwili. Nikakiona kifundo. Chiriku, ilikuwa kama kuona uso ninaoufahamu katikati ya umati. Nikavuta kutoka kwenye kifundo, nikaupeleka kwenye tangi. Ukakataa. Ukabaki nukta nukta. "Tena," akasema. Ukakataa. Akasogeza kisanduku yeye mwenyewe, vinywa vikabadilishana mahali kama vifaranga. "Tena." Nikakitafuta kifundo, nikakipata, nikavuta, ukakataa! Jibu lilelile. Akaniambia sasa nipeleke ya kusuuzia. Nikavuta ule mraba mtupu, nikafumba jicho moja. Ukashika.

Akaniambia nibonyeze kitufe cha kubadilisha.

Mchoro wangu safari hii ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Niliuchora kwa uchu, visanduku vimejaa mpaka ukingoni. Ukawaka kipande kimoja, kikageuka. Halafu, kwa sababu kile kimegeuka, kipande cha jirani kikawa na lile umbo linalotafutwa, nacho kikawaka. Halafu cha tatu. Ukawa unajifungua kama sweta lililopata uzi wake, ila hauharibiki, unajifuma upya huku unafumuka. Mwalimu aliacha kuandika. Mistari ilipungua, ilipungua, mpaka mchoro uliokuwa msitu ukawa kitu ambacho ningeweza kukichora kwenye kiganja. Na kwenye kiganja hicho, Chiriku, maji machafu yalikuwa na njia moja tu, vifundo kuanzia juu mpaka chini, moja kwa moja mtaroni. Hakuna kifundo hata kimoja kilichopotea. Hakuna kilichokuwa pasipo pake. Yote yale yaligeuka na hakuna aina iliyochanganyika.

Mwalimu akasema, "Mzee, unasemaje?"

Mimi. Niliulizwa nasemaje, mbele ya watu, na sikusema kitu. Bi Pasi ni shahidi. Amesema atakumbuka tarehe hiyo kuliko ya kuzaliwa kwake.

Tukafua mashuka ya wodi ya watoto. Yametoka yananukia jua. Alasiri nikapanda darini, nikaligonga tangi la maji la hospitali, likajibu kwa sauti nzito: maji bado yamo. Saa kama hizo kwa kawaida linalia kama debe tupu. Muuguzi Mkuu akalibeba boksi mwenyewe, akaenda kuwekea majalada yake. Mwalimu akanipa mkono wa kuagana akasema imepita. Nikamwambia nilijua. Halafu nikaingia chumba cha mashuka, nikafunga mlango, nikakaa kwanza.

Sasa kuna jambo dogo. Ningeweza kumaliza barua hapa, ingekuwa barua nzuri.

Wewe hukuniuliza kwa nini kifundo. Mimi nami sikuuliza umekitoa wapi, na Bi Pasi siku nzima ile alikuwa anapiga pasi foronya moja ileile, macho chini, kama mtu asiye na habari. Watu wawili wamenifanyia adabu mpaka nimeona aibu kuwa mimi peke yangu ndiye sina. Basi.

Ile suti, Chiriku. Ya harusi ya mama yako. Hakukuwa na mtindo wowote wa ng'ambo. Nilikwenda dukani peke yangu, nikaishika, nikaigeuza mwangani, nikalipa, nikaingia kanisani kifua mbele, na watu walipoguna nikaangalia nyuma nione wanamgunia nani.

Nilidhani nimevaa kama wenzangu.

Mjomba wako